Al-Ghazali: Msomi aliyeacha cheo Baghdad kutafuta yakini

MWAKA 1095, mwalimu mwenye wanafunzi wapatao 300 mjini Baghdad alijaribu kufundisha, lakini ulimi wake ukagoma kutamka hata neno moja.

Mwalimu huyo ni Imam Abu Hamid al-Ghazali, aliyezaliwa mwaka 1058 katika mji wa Tus, ulioko Iran ya leo. Baada ya kusoma kwa Imam al-Juwayni mjini Nishapur, aliteuliwa na Waziri Nizam al-Mulk mwaka 1091 kufundisha katika Chuo cha Nizamiyya, Baghdad.

Tangu ujanani mashaka yalimsumbua. Jicho huiona nyota kuwa ndogo kama sarafu, ilhali hesabu huthibitisha kuwa ni kubwa kuliko dunia. Ikiwa akili imewaumbua macho, alijiuliza, nani ajuaye kama hakuna hakimu mwingine wa kuiumbua akili?

Wasiwasi huo ulimtesa takriban miezi miwili. Alieleza baadaye kuwa haukutibiwa kwa hoja, bali kwa nuru aliyotiwa kifuani na Mwenyezi Mungu.

Hata hivyo, hakuwa adui wa akili. Aliitetea mantiki na hisabati, akawaonya waliodhani kuwa wanailinda dini kwa kuzikana elimu hizo. Alichokipinga katika kitabu chake, Tahafut al-Falasifa, ni madai ya wanafalsafa, akiwamo Ibn Sina, kwamba wamethibitisha mambo ya Mungu kwa hoja zisizopingika.

Aliposoma vitabu vya Masufi, aling'amua kuwa kilichobaki hakisomwi, bali huonjwa. Tabibu aliye mgonjwa anaijua maana ya afya na dawa zake, lakini afya yenyewe hana.

Hapo ndipo ulimi ulipofungika, na matabibu wakakata tamaa. Aligawa mali yake, akabakiza ya kuwakimu watoto, akaaga kuwa anakwenda Makka, kumbe alikusudia Damascus. Alikaa faragha, akazuru Jerusalem, kisha akahiji. Tunda la miaka hiyo ni Ihya Ulum al-Din, chenye vitabu 40 ndani yake.

Mwaka 1106 alirejea kufundisha Nishapur. Alisisitiza kuwa kurejea huko hakukuwa kurudi alikotoka: zamani alifundisha elimu ya kutafutia cheo, sasa alifundisha elimu ya kukiacha.

Alifariki dunia Tus, Desemba 1111. Miongo kadhaa baadaye, Ibn Rushd wa Cordoba aliandika kitabu kizima kumjibu na kuwatetea wanafalsafa.