Thomas Merton: Mmonaki Aliyejifunza Kufunga Mlango Taratibu

Sisi wa Itetemia tumekulia kando ya njia. Kabla ya reli, misafara ya kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilipita Tabora ikiwa na nguo na shanga, na iliporudi pwani ilikuwa na pembe za ndovu na, kwa aibu ya wanadamu, watumwa. Mwaka 1878 Wamisionari wa Afrika waliipita njia hiyo hiyo wakiwa na Injili. Miembe mingi ya Tabora nayo ililetwa na misafara. Watu wa njiani hujifunza mapema kupima mizigo ya wageni: upo wa kukataa, upo wa kupokea. Ndiyo maana nimeona vyema kuwasimulia waseminari wenzangu na waamini wa parokia zetu maisha ya padre aliyejua kupima mizigo hiyo, hasa ule wa Wabuddha.

Thomas Merton alizaliwa tarehe 31 Januari 1915 huko Prades, kusini mwa Ufaransa. Baba yake, Owen, alikuwa mchoraji kutoka New Zealand, na mama yake, Ruth, alikuwa Mmarekani. Mama alifariki kwa saratani Thomas akiwa na miaka 6. Baba naye alifariki mwaka 1931 kwa uvimbe kwenye ubongo. Kijana alibaki yatima, pamoja na mdogo wake John Paul. Alisoma Uingereza, na mwaka wake mmoja katika Chuo Kikuu cha Cambridge aliupoteza kwa ulevi na anasa. Akahamia Marekani kwa babu na bibi yake, akaendelea na masomo katika Chuo Kikuu cha Columbia, New York.

Hapo ndipo lilipotokea jambo ambalo sisi tunaosoma falsafa tungepaswa kulikumbuka. Mwaka 1938 Merton alifahamiana na mmonaki wa Kihindu kutoka India, Mahanambrata Brahmachari. Alitarajia kuelekezwa vitabu vya hekima ya Mashariki. Mgeni yule alimshauri asome kwanza vitabu vya Wakristo wenyewe, yaani Maungamo ya Mtakatifu Augustino na kile kitabu kinachojulikana sana cha kumfuasa Kristo. Kwa hiyo mmoja wa waliomsukuma kijana huyu kuelekea Kanisa Katoliki hakuwa Mkristo. Tarehe 16 Novemba mwaka huo huo alibatizwa katika kanisa la Corpus Christi, New York.

Aliomba kujiunga na Wafransisko, lakini maisha yake ya nyuma yalifanya njia hiyo ifungwe. Akafundisha chuoni, akawatembelea maskini wa Harlem, akaendelea kusali. Tarehe 10 Desemba 1941, siku tatu tu baada ya Pearl Harbor kushambuliwa, alifika katika abasia ya Watrapisti ya Gethsemani, jimbo la Kentucky. Hapo walilala pamoja katika bweni la baridi, waliamka usiku wa manane kusali Zaburi, walilima shamba, na mazungumzo yao mengi yalikuwa kwa ishara za mikono. Alipewa jina la Louis. Mwaka 1943 mdogo wake alifariki vitani, ndege yake ilipoanguka baharini. Mwaka 1948 kitabu cha maisha yake kilitoka na kuuzwa nakala laki kadhaa, naye mtu aliyekimbilia ukimya akawa maarufu. Alipewa daraja ya upadre tarehe 26 Mei 1949.

Wengi humkumbuka Merton kwa vitabu, lakini ndani ya abasia alikuwa pia bwana misitu. Miaka ya 1950 aliwaongoza vijana kupanda miche, kuweka alama kwenye miti ya kukatwa na kuiacha ile isiyopaswa kuguswa. Toka 1955 hadi 1965 alikuwa mlezi wa wanovisi, na kazi ya msituni ilikuwa sehemu ya malezi. Kwake, mtu asiyeweza kuukalia msitu kimya hata nusu saa angepata taabu kumkalia Mungu. Mapema mwaka 1963 alisoma kitabu cha mwanasayansi Rachel Carson kuhusu madhara ya dawa za kuua wadudu, akamwandikia barua. Aliona kwamba roho inayomfanya mtu amwage sumu ovyo ili kumaliza wadudu ni ileile inayomfanya atengeneze silaha za nyuklia ili kumaliza adui. Hiyo ilikuwa miaka zaidi ya 50 kabla ya Baba Mtakatifu Fransisko kutuandikia waraka wa Laudato si', mwaka 2015.

Ukimya haukumtenga na watu. Mwezi Machi 1958, akiwa kwenye shughuli mjini Louisville, alisimama kwenye njia panda yenye pilikapilika na ghafla akatambua kwamba anawapenda watu wote waliokuwa wakipita, na kwamba umonaki wake haumfanyi kuwa kiumbe wa aina nyingine. Kuanzia hapo aliandika juu ya ubaguzi wa rangi na juu ya vita. Mwaka 1962 wakuu wa shirika walimkataza kuchapisha maandiko kuhusu vita. Aliumia, akatii, huku akiendelea kuwaandikia rafiki zake barua.

Katika miaka hiyo alianza pia kuwasoma Wabuddha kwa makini. Aliandikiana na D. T. Suzuki, mwalimu mzee wa Zen kutoka Japani, na mwaka 1964 walikutana New York. Mwaka uliofuata Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko la Nostra Aetate, ulifundisha kwamba Kanisa halikatai lolote lililo la kweli na takatifu katika dini nyingine. Merton tayari alikuwa akiishi hivyo, wala hakuacha Misa, Zaburi wala Rozari yake. Mwaka huo wa 1965 aliruhusiwa kuhamia moja kwa moja kwenye nyumba ndogo ya upweke msituni, ndani ya eneo la abasia.

Mei 1966 alitembelewa na Thich Nhat Hanh, mmonaki Mbuddha kutoka Vietnam. Nchi yake ilikuwa ikiteketea. Yeye na wenzake walikuwa wameanzisha shule ya vijana waliokwenda vijijini kujenga upya nyumba zilizopigwa mabomu, na kwao kutafakari na kubeba matofali vilikuwa kitu kimoja. Merton alimwuliza jinsi Wabuddha wanavyowalea vijana wao katika jumuiya. Kisha akawasimulia wanovisi jambo lililomgusa: huko kijana hafundishwi kutafakari mpaka kwanza aache kubamiza milango. Anayefunga mlango taratibu anamfikiria ndugu aliyelala. Anaujali mlango wenyewe, na anajua mkono wake uko wapi. Aliyeishi bweni la seminari haihitaji maelezo zaidi.

Tusimfanye malaika. Mwaka huo huo, akitibiwa hospitalini, Merton alimpenda muuguzi kijana, na miezi kadhaa alipambana vikali na nadhiri zake. Hatimaye aliuvunja uhusiano ule na kubaki mmonaki.

Mwaka 1968 alipata ruhusa ya kusafiri Asia. Novemba alikutana mara tatu na Dalai Lama huko Dharamsala, India, wakazungumza juu ya namna ya kutafakari na juu ya nadhiri. Kisha akaenda Sri Lanka, na huko Polonnaruwa akavua viatu kuzikaribia sanamu kubwa za Buddha zilizochongwa mwambani. Amani aliyoiona katika nyuso zile ilimpa furaha kubwa. Watu wa kisiwa hicho hawako mbali nasi kama tunavyodhani: hekalu la Wabuddha lililoko Dar es Salaam lilianzishwa na Wasinhala waliokuja kufanya kazi nchini, nao waliotesha uani mti wao mtakatifu.

Tarehe 10 Desemba 1968, karibu na Bangkok, Merton alitoa mada kwa viongozi wa wamonaki, akaenda kupumzika. Alikutwa amefariki chumbani, feni ya umeme ikiwa juu ya mwili wake. Ilikuwa imetimia miaka 27 kamili tangu aingie abasia. Mwili wake ulirudishwa kwa ndege ya jeshi pamoja na miili ya askari waliokufa katika vita alivyovipinga, ukazikwa Gethsemani.

Wapo wanaohofu kwamba kujifunza kwa Wabuddha ni kuidhoofisha imani. Hofu hiyo ina msingi kwa mtu asiye na mizizi. Merton alikuwa na miaka zaidi ya 20 ya Zaburi na utii alipokaa na Nhat Hanh, na ndiyo maana aliweza kusikiliza bila kuyumba. Swali kwetu ni kama tunaijua sala ya Kanisa kiasi hicho.

La pili liko mbele ya macho yetu. Miombo ya Tabora, inayowapa nyuki maua na sisi asali, inaisha kwa mkaa na kwa kuni za kukaushia tumbaku. Hatuwezi kumlaumu mkulima anayetafuta ada ya mtoto wake, lakini seminari na parokia zina ardhi, na vijana wenye nguvu hawakosekani. Mvua za Novemba zikianza, kila jumuiya ndogondogo inaweza kupanda miche na kuichunga hadi kiangazi kipite. Kazi hiyo ifanyike kwa ukimya, na iwe sala. Kisha tukirudi bwenini, tufunge mlango taratibu.