Grzimek: Mganga wa mifugo aliyeacha alama Serengeti na Mweka

Na Mwandishi Wetu, Moshi

WAPANDA mlima wanaorejea kutoka kilele cha Kibo kwa njia ya Mweka huteremka kupitia msituni hadi kwenye vihamba vya migomba na kahawa. Kabla ya kufika mjini Moshi hukipita Chuo cha Usimamizi wa Wanyamapori Afrika, Mweka, ambacho tangu mwaka 1963 kimewafunza wahifadhi kutoka nchi mbalimbali za bara hili.

Miongoni mwa waliosaidia kukianzisha ilikuwamo Jumuiya ya Zuolojia ya Frankfurt, Ujerumani, iliyofufuliwa na kuongozwa na Profesa Bernhard Grzimek. Watanzania wengi humkumbuka kwa filamu yake kuhusu Serengeti. Ni wachache wanaofahamu kwamba mtu huyo alikuwa mganga wa mifugo, na kwamba kazi yake ya kwanza ilikuwa ya kushughulika na kuku na mayai.

Grzimek alizaliwa Aprili 24, mwaka 1909, katika mji wa Neisse, Silesia, ambao leo uko Poland na huitwa Nysa. Alisomea utabibu wa mifugo katika miji ya Leipzig na Berlin, na mwaka 1933 akatunukiwa shahada ya udaktari. Baadaye aliajiriwa katika wizara ya kilimo, akashughulikia ufugaji wa kuku na magonjwa ya mifugo, na akaandika kitabu kuhusu magonjwa ya kuku.

Banda la kuku ni shule ngumu kwa tabibu. Kuku mmoja akizubaa, si yeye peke yake anayepaswa kutazamwa. Hutazamwa maji, chakula, matandazo, msongamano na kuku wageni walioingizwa karibuni, kwa kuwa ugonjwa hufika kwa njia fulani, na asiyeijua njia hiyo hutibu leo akazika kesho.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili Grzimek alitumikia jeshi la Ujerumani akiwa mganga wa mifugo. Kumbukumbu za serikali zinaonyesha kuwa alijiunga na chama cha Nazi mwaka 1937, jambo ambalo mwenyewe alilikana baada ya vita. Hata hivyo, imeelezwa pia kuwa aliwapelekea chakula Wayahudi waliokuwa mafichoni, na mapema mwaka 1945 polisi wa siri walipoipekua nyumba yake mjini Berlin, alikimbilia Frankfurt.

Huko alikabidhiwa bustani ya wanyama iliyokuwa imebaki magofu kutokana na mabomu, ikiwa na wanyama wachache tu waliosalimika. Aliifungua upya kwa umma Julai mwaka 1945, akawavuta wananchi kwa sarakasi na burudani ili apate fedha za kuwalisha wanyama. Alisimamishwa kazi kwa muda kutokana na uchunguzi wa siasa zake za zamani, akarejeshwa mwaka 1948, na aliiongoza bustani hiyo hadi mwaka 1974.

Kuongoza bustani ya wanyama katika miaka hiyo kulikuwa kupambana na magonjwa kila siku. Mnyama wa porini huficha udhaifu wake, kwa kuwa adui humwinda aliye dhaifu. Simba au swala huweza kusimama wima akila kama kawaida, kumbe ndani amekwisha kuharibika. Kwa sababu hiyo, tabibu wa bustani hutegemea ishara nyingine: kinyesi kinachopimwa kwa hadubini kutafuta mayai ya minyoo, tone la damu, uzito unaopungua, na chakula kilichobaki asubuhi. Akifa mnyama, mzoga hupasuliwa ili wenzake waliobaki waokolewe.

Mgeni hutengwa kwanza katika karantini kabla ya kuchanganywa na wenyeji. Kwa jamii ya sokwe, hatari hutoka hata kwa watazamaji, maana mafua na kifua kikuu vya binadamu huwaambukiza kwa urahisi. Ndiyo maana bustani nyingi ziliweka vioo kati ya sokwe na wageni, pamoja na kuta na sakafu zinazoweza kuoshwa kwa dawa.

Mfano bora wa tatizo hilo alikuwa okapi, mnyama wa misitu ya mashariki ya Kongo ambaye sayansi ya Ulaya haikumjua hadi mwaka 1901. Mwaka 1954 Grzimek na mwanawe Michael walisafiri hadi Kongo, na mwaka huo Frankfurt ikampata okapi wa kwanza kufika Ujerumani, dume lililoitwa Epulu, kwa jina la kituo cha kukamatia okapi katika msitu wa Ituri.

Okapi wengi wa awali waliosafirishwa Ulaya walikufa, na minyoo ilikuwa miongoni mwa sababu kuu. Msituni okapi hutembea, akala majani ya juu na kuacha kinyesi chake nyuma. Kizuizini hurudi palepale, akala karibu na alipochafua, na mayai ya minyoo humrudia tumboni kila siku hadi mzigo mdogo aliotoka nao msituni ukawa mauti.

Mfugaji wa Kilimanjaro, ambaye ng'ombe wake hufungwa bandani kihambani na kukatiwa majani, anaweza kulielewa jambo hilo bila mwalimu. Mnyama aliyefungwa hupokea kila kitu mkononi mwa anayemtunza, uzima na maradhi pia. Dawa ya minyoo pekee haitoshi. Lazima banda lisafishwe, malisho yainuliwe kutoka ardhini, na kinyesi kipimwe mara kwa mara.

Safari za Kongo zilimbadilisha Grzimek. Aliona misitu ikipungua na wanyama wakikosa makazi, akaandika kitabu juu ya hali hiyo, na filamu iliyofuata mwaka 1956 ikampatia fedha. Yeye na Michael walitaka kuzitumia kununua ardhi kwa ajili ya Hifadhi ya Serengeti, ambayo serikali ya kikoloni ilikuwa ikipanga kubadili mipaka yake. Mkurugenzi wa Hifadhi za Taifa Tanganyika, Peter Molloy, aliwashauri watumie fedha hizo kuchunguza wanyama na njia zao za kuhama.

Desemba mwaka 1957 baba na mwana waliruka kutoka Ujerumani kwa ndege ndogo aina ya Dornier iliyopakwa milia ya pundamilia. Mwanzoni mwa mwaka 1958 walihesabu kutoka angani wanyama 366,980, wakiwamo nyumbu 99,481 na pundamilia 57,199. Kuhesabu kwa macho kutoka angani huwaacha wengi, lakini ulikuwa mwanzo wa kujua kilichokuwamo katika nyika hiyo.

Januari 10, mwaka 1959, ndege hiyo iligongana na tumbusi na kuanguka. Michael, aliyekuwa na umri wa miaka 24, alifariki dunia na kuzikwa ukingoni mwa Ngorongoro. Baba yake aliikamilisha kazi yao peke yake. Filamu ya Serengeti ilitoka mwaka huo, na mwaka 1960 ikatunukiwa tuzo ya Oscar ya filamu bora ya kumbukumbu.

Nyika waliyoihesabu akina Grzimek ilikuwa na mgonjwa asiyeonekana kutoka angani. Sotoka, iliyoingia Afrika Mashariki katika miaka ya 1890 na kuteketeza ng'ombe wa Wamasai na jirani zao, ilikuwa bado ikiwaua nyumbu wachanga. Ndama alizaliwa akapata kinga ya mama yake kwa dang'a. Kinga ilipokwisha, homa, vidonda vya mdomo na kuhara vilimwondoa kabla hajakomaa.

Nyumbu hawakuchanjwa. Waliochanjwa ni ng'ombe wa wafugaji waliozunguka hifadhi, na kazi hiyo ilipata nguvu zaidi baada ya Walter Plowright na wenzake kutengeneza chanjo bora katika maabara ya Muguga, Kenya. Kufikia mwaka 1963 sotoka ilikuwa imetoweka kwa nyumbu wa Serengeti. Idadi yao, iliyokadiriwa kuwa takriban 250,000 mwaka 1961, ilipita milioni 1.3 mwaka 1977. Mwaka 2011 ilitangazwa kuwa sotoka imetokomezwa duniani kote.

Hapo ndipo penye uzito wa maisha ya Grzimek. Aliamini kwamba ng'ombe na wanyamapori hawapaswi kuishi pamoja ndani ya hifadhi, na mabadiliko ya mipaka ya mwaka 1959 yaliwatoa Wamasai Serengeti. Uchungu wa uamuzi huo haujasahaulika katika jamii hiyo, na sauti ya Grzimek ilikuwa miongoni mwa zilizosikika zaidi duniani zikitetea hifadhi isiyo na mifugo. Lakini nyumbu waliponywa kupitia zizi la mfugaji. Laiti wafugaji wasingeleta ng'ombe wao kuchanjwa, mpaka wa ramani usingewaokoa ndama wa nyumbu.

Kwa upande mwingine, Grzimek alitambua mapema kwamba kazi hiyo haitadumu mikononi mwa wageni. Baada ya mkutano wa uhifadhi uliofanyika Arusha Septemba mwaka 1961, ambapo Mwalimu Julius Nyerere alitoa ahadi ya serikali yake kulinda wanyamapori, fikra ya Bruce Kinloch, aliyekuwa mkuu wa idara ya wanyamapori Tanganyika, ilizaa chuo cha Mweka. Mkuu wake wa kwanza alikuwa Hugh Lamprey, na Frankfurt ikawa miongoni mwa wafadhili.

Umuhimu wa wahifadhi wanaojua kusoma mzoga ulidhihirika mwaka 1994, simba wa Serengeti walipoanza kuanguka kwa degedege. Vipimo vilionyesha virusi vya distempa, ugonjwa wa mbwa, na takriban theluthi moja ya simba wapatao 3,000 walikufa. Kampeni za kuchanja mbwa zilianzishwa katika vijiji vinavyopakana na hifadhi, kwa mantiki ileile ya chanjo ya sotoka.

Grzimek hakuishi kuyaona hayo. Alifariki dunia Machi 13, mwaka 1987, mjini Frankfurt, akiwa na umri wa miaka 77, alipokuwa akitazama maonyesho ya chui milia katika sarakasi pamoja na watoto. Majivu yake yaliletwa Tanzania na kuzikwa kando ya Michael, ukingoni mwa Ngorongoro. Ardhi hiyo ilitengwa na Serengeti mwaka 1959, na sheria yake ikawaruhusu Wamasai kuishi humo na ng'ombe wao pamoja na wanyama wa porini.