Mwenyeheri Isidori Bakanja, Mtu wa Mkono Aliyekataa Kuvua Skapulari



Kamati ya jubilei iliniagiza niandike ukurasa mmoja juu ya Mwenyeheri Isidori Bakanja. Sababu yenyewe mnaiona leo shingoni mwetu: kila mwanakwaya amevaa skapulari ya kahawia iliyoshonwa kwa mkono. Wengi wameuliza huyu Bakanja ni nani hasa, maana Mashahidi wa Uganda tunawajua tangu katekisimu, na Mtakatifu Bakhita ana nyimbo zake, lakini huyu hatajwi sana huku Pwani.

Alizaliwa kati ya mwaka 1880 na 1890 katika kijiji cha Bokendela, Kongo, upande wa Mbandaka. Alikuwa Mboangi. Siku yake ya kuzaliwa haikuandikwa, kama ilivyokuwa kwa babu zetu wengi. Alipokuwa kijana alitoka nyumbani kutafuta kazi mjini, na mji huo wa Mbandaka Wabelgiji waliuita Coquilhatville. Kazi aliyoipata ni ile ambayo vijana wengi wa Liwatoni wanaijua vizuri: alimsaidia mwashi. Kwa lugha yetu ya mjengo alikuwa mtu wa mkono, wa kubeba matofali na kukoroga udongo.

Huko ndiko alikokutana na wamisionari Watrapisti. Alibatizwa tarehe 6 Mei 1906 akaitwa Isidori. Mwaka huohuo, mwezi wa Novemba, alipata Kipaimara, na Agosti 1907 akapokea Komunyo ya Kwanza. Alipobatizwa alipewa vitu viwili, rozari na skapulari ya Bikira Maria wa Mlima Karmeli. Katika mazingira yale, ambapo wakristo walikuwa wachache na makanisa yalikuwa mbalimbali, mtu alitambulika kwa vitu hivyo. Isidori hakuvivua tena.

Kwa wale ambao hawajawahi kuishika skapulari, haina fahari yoyote. Ni vipande viwili vidogo vya kitambaa cha sufu ya kahawia vilivyounganishwa kwa nyuzi mbili. Kipande kimoja hukaa kifuani, kingine mgongoni. Rangi hiyo ni ya kanzu ya watawa Wakarmeli, kwa hiyo anayeivaa huwa kama amevaa kipande cha kanzu yao. Akina mama wetu wa sauti ya pili walioshona hizi za leo watawaambia kwamba kazi yenyewe si ngumu ila ni ya subira: usipokunja pindo vizuri kitambaa kinafumuka kabla mwezi haujaisha, na kwa jasho la Mombasa uzi dhaifu haufiki mbali. Rozari zetu tumezitunga kwa mshipi wa kuvulia samaki. Liwatoni haukosi mshipi.

Turudi Kongo. Enzi zile nchi hiyo ilikuwa mali ya Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji, mpaka Novemba 1908 alipoikabidhi kwa serikali ya Ubelgiji. Makampuni yalikusanya mpira wa porini na pembe za ndovu, na watu waliopungukiwa na kiasi walichopangiwa walipigwa. Wamisionari waliokuwa wakiwatetea wenyeji walichukiwa na mawakala wa makampuni hayo. Isidori aliajiriwa kama mtumishi wa nyumbani na wakala mmoja wa kampuni ya SAB huko Busira, kisha akamfuata hadi kituo cha Ikili. Msimamizi wa Ikili alikuwa Van Cauter, ambaye wenyeji walimwita Longange.

Longange hakutaka kusikia habari za dini. Isidori alikuwa akiwafundisha wenzake sala baada ya kazi, naye akaona watu wake wataacha mpira wakakimbilia kusali. Alimkataza. Isidori aliomba ruhusa arudi kwao, akanyimwa. Kisha Longange akaiona ile skapulari na kumwamuru aivue. Siku chache baadaye aliikuta bado iko shingoni, akaamuru apigwe viboko 25. Isidori alivumilia na kuendelea kuivaa.

Mara ya pili ilikuwa mbaya zaidi. Longange aliing'oa skapulari akaitupa, akaagiza kijana alazwe chini na kupigwa kwa mjeledi wa ngozi ya ndovu uliokuwa na misumari. Viboko vilizidi mia. Mgongo ulichanika wote. Baada ya hapo alifungwa minyororo miguuni na kuachwa katika banda la mpira.

Hapa nataka kusimama kidogo, kwa sababu kuna swali ambalo huulizwa hapa kwetu na watu wema kabisa, wakristo na majirani Waislamu pia: je, hizi medali na skapulari si hirizi tu kwa jina jingine? Ningeliacha kando kama si maisha ya Bakanja yanavyolijibu. Hirizi huvaliwa ili mabaya yasimfike mwenye kuivaa. Skapulari ya Isidori haikumkinga na mjeledi hata mmoja. Ndiyo iliyomletea mijeledi. Angeivua asubuhi moja tu, angebaki na ngozi yake. Naye alilijua hilo tangu vile viboko 25 vya kwanza. Kwa hiyo hakuivaa kwa kutaka usalama. Aliivaa kwa sababu ilisema yeye ni wa nani. Mwanakwaya anayevaa ya leo akidhani itamfaulisha mtihani au kumzuilia ajali ya matatu, nampenda, lakini amsome Bakanja tena.

Baadaye mkaguzi wa kampuni, jina lake Dörpinghaus, alikuwa njiani kuja Ikili. Longange alitaka kumficha Isidori, akampeleka kijiji kingine. Yeye, kwa majeraha yale, alijitupa msituni akajificha, na mkaguzi alipopita akajitokeza. Mzungu yule alishtuka kwa alichokiona, akamchukua hadi Busira atibiwe. Vidonda vilikuwa vimeoza hadi mifupani.

Mwishoni mwa Julai 1909 mapadre Watrapisti walimfikia. Aliungama, akapokea Komunyo na Mpako wa Wagonjwa. Walipomsihi amsamehe Longange, aliwajibu kwamba hana kinyongo naye, na kwamba akifika mbinguni atamwombea sana. Tarehe 15 Agosti, sikukuu ya Kupalizwa Mbinguni Bikira Maria, wakristo wa hapo walisali pamoja. Mgonjwa ambaye kwa siku nyingi hakuweza kusimama aliinuka, akatembea kimya kati ya migomba, rozari mkononi. Alirudi, akalala, akafa. Skapulari ilikuwa shingoni.

Mwaka uliofuata, Desemba 1910, Papa Pius wa Kumi aliruhusu medali iliyobarikiwa ivaliwe badala ya kitambaa, upande mmoja Moyo Mtakatifu wa Yesu na upande wa pili Bikira Maria. Kwa hiyo yeyote ambaye sufu inamwasha kwa joto hili anaweza kuvaa medali, mradi apokee kwanza skapulari ya kitambaa kutoka kwa padre.

Mabaki ya Isidori yalihamishiwa kanisa la Bokote mwaka 1917. Tarehe 24 Aprili 1994, maaskofu wakiwa Roma kwa Sinodi ya Afrika, Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza kuwa mwenyeheri, siku moja na Gianna Beretta Molla, daktari na mama wa watoto kutoka Italia. Wote wawili walei. Na kwa kuwa tarehe 15 Agosti ni ya Bikira Maria mwenyewe, Wakarmeli humkumbuka Isidori tarehe 12.