John Rae, daktari aliyejifunza kujenga nyumba ya theluji

Ukisikia mtu amelala ndani ya nyumba ya theluji ili apate joto, unaweza kudhani ni mzaha. Wazungu wengi waliofika Aktiki, kaskazini kabisa mwa dunia, katika karne ya 19 walidhani hivyo pia. John Rae aliamua kujifunza.

Rae alizaliwa mwaka 1813 katika visiwa vya Orkney, Uskoti. Alisomea udaktari Edinburgh, kisha mwaka 1833 akajiunga na Hudson's Bay Company, kampuni iliyonunua ngozi za wanyama katika nchi ambayo leo ni Kanada.

Mwaka 1846 alitumwa kupima pwani ya Aktiki. Huko Repulse Bay yeye na watu wake walijenga nyumba ya mawe, lakini ilikuwa baridi mno. Wenyeji, Wainuit, walikaa katika nyumba za theluji na walikuwa na nafuu kubwa. Rae akawaomba wamfundishe.

Siri ni hewa. Theluji iliyoshindiliwa na upepo ina hewa nyingi iliyonaswa ndani yake, na hewa iliyotulia haipitishi joto upesi. Ndiyo sababu blanketi hutupa joto, na paa la nyasi huzuia jua kuliko bati. Wainuit hukata matofali ya theluji kwa kisu kirefu na kuyapanga kwa kuzunguka hadi juu, kama msonge. Mlango huwa chini na mahali pa kulala huinuliwa, kwa kuwa hewa baridi hushuka na ya moto hupanda. Juu huachwa kitundu cha kupumulia. Kwa taa ya mafuta ya sili, mnyama wa baharini, na joto la miili ya watu, ndani huweza kukaribia nyuzi sifuri hata nje ikiwa 40 chini ya sifuri.

Tena, huko hakuna miti ya kujengea. Mahema nayo hushika unyevu wa pumzi, yakaganda na kuwa mzigo mzito. Rae alisafiri mwepesi, akijenga pa kulala kila jioni.

Wakati huo Uingereza ilikuwa ikimtafuta John Franklin, aliyeondoka mwaka 1845 na meli mbili, asirudi. Watu 129 walipotea. Mwaka 1854 Wainuit walimweleza Rae kwamba Wazungu wengi walikuwa wamekufa kwa njaa, na kwamba wa mwisho walikula maiti za wenzao. Walimuuzia pia vijiko na uma za fedha vya wasafiri hao.

Taarifa yake ilizua hasira London. Mjane wa Franklin aliipinga, na mwandishi Charles Dickens akaandika kwamba Wainuit si wa kuaminiwa. Rae alishikilia alichoambiwa. Yeye na watu wake walipewa zawadi ya paundi 10,000, lakini hakupata cheo cha heshima walichopewa wapelelezi wenzake. Alifariki mwaka 1893, akazikwa Orkney.

Baadaye wataalamu walikuta alama za visu kwenye mifupa ya mabaharia wale. Meli zenyewe zilipatikana mwaka 2014 na 2016, kwa msaada wa habari ambazo Wainuit walikuwa wamerithishana kwa mdomo.