Muzee Nyerere: aliacha kazi, alikataa kukaa bure

Hapa Kasulo na pande zote za Kolwezi tuko na wazee wengi ambao kazi iliwaacha mbele ya nguvu kuisha. Mwaka 2003 na 2004, Gécamines ilitoa wafanyakazi zaidi ya 10,000 kwa mpango ulioitwa wa kuondoka kwa kupenda. Mtu aliyezoea kuamka saa ile ile kila siku, kwa miaka na miaka, alijikuta asubuhi moja hana tena pa kwenda. Wengine walishika jembe, wengine walifungua biashara kidogo. Na wengine walikaa kwenye kiti mbele ya lupango, wakangoja.

Juu ya wazee hawa, leo tunasimulia maisha ya mtu ambaye naye aliacha kazi, tena kazi kubwa kupita zote katika inchi yake, na akaishi karibu miaka 14 nyuma ya pale. Ni Julius Kambarage Nyerere wa Tanzania, yule wote wanamuita Mwalimu.

Alizaliwa tarehe 13 Aprili 1922 kule Butiama, karibu na ziwa Victoria, upande wa Musoma. Baba yake, Nyerere Burito, alikuwa chifu wa Wazanaki. Mutoto Kambarage alichunga mbuzi, akaingia masomo akiwa tayari na miaka 12 hivi. Kuchelewa hakukumzuia. Alisoma Tabora, kisha Makerere kule Uganda, kisha Edinburgh kule Uingereza. Aliporudi alifundisha Pugu, karibu na Dar es Salaam. Mwaka 1954 yeye na wenzake waliunda chama cha TANU, na tarehe 9 Desemba 1961 Tanganyika ikapata uhuru.

Hapa kuna kitu wengi wanasahau. Mwezi wa Januari 1962, wiki chache tu nyuma ya uhuru, Nyerere aliacha cheo cha waziri mukuu, akamuachia Rashidi Kawawa, akaenda kuzunguka vijijini kutengeneza chama. Mwisho wa mwaka ule watu walimchagua kuwa raisi. Ni kusema, tangu ujana alikuwa anajua kushuka kwenye kiti bila kuona kwamba amekufa.

Alitawala miaka mingi, na hatutaficha makosa. Watu wengi walihamishwa kwa nguvu kuingia vijiji vya ujamaa katika miaka ya 1970, na wakati wa kuondoka kwake maduka yalikuwa na vitu kidogo sana. Lakini tarehe 5 Novemba 1985 alimpa Ali Hassan Mwinyi inchi, kwa amani. Alikuwa na miaka 63. Uongozi wa chama aliubakiza mpaka 1990, kisha nao akauachia.

Hapa kwetu tunaweza kulinganisha. Mobutu alishika inchi tangu Novemba 1965. Mwezi wa Mei 1997 alikimbia na ugonjwa mwilini, na mwezi wa Septemba mwaka ule ule alikufa kule Rabat, Maroko, akiwa na miaka 66, mbali na kwao. Yeye na Nyerere walikuwa wazee wa wakati mumoja. Mumoja alingoja kuondolewa, mwingine aliondoka mwenyewe na akapata miaka ya kufanya mambo mengine.

Mambo gani? Njo pale tunataka kufika.

Kwanza, Muzee Nyerere alirudi Butiama, na akarudi kwenye shamba. Hakuenda kutazama tu wafanyakazi; yeye mwenyewe alishika jembe. Mwili wake ulikuwa umezoea. Mwaka 1967, akiwa raisi wa miaka 45, alitembea kwa miguu kutoka Butiama mpaka Mwanza, zaidi ya kilomita 200, juu ya kuunga mukono Azimio la Arusha. Mutu aliyezoea kutembea hivyo, uzee ukimkuta, haupati miguu iliyolala.

Pili, alikaa na watu. Alicheza bao na wazee wenzake wa kijiji, mchezo ambao huku kwetu tunajua kama kisolo. Bao inaomba kuhesabu mbele, kukumbuka, kumsoma mwenzako usoni. Kwa muzee hii ni kazi ya kichwa, na ni dawa ya upweke. Kanisani pia alikuwa mtu wa kila siku, maana alikuwa mukatoliki wa kweli.

Tatu, alifanya kazi ya akili ambayo hakuna mtu alimlazimisha. Wakati akiwa kiongozi alikuwa amekwisha kutafsiri michezo miwili ya Shakespeare katika Kiswahili. Uzeeni alichukua kazi nzito zaidi: aliandika Injili zote nne na Matendo ya Mitume kwa mashairi ya tenzi. Vitabu vile vilitoka mwaka 1996, yeye akiwa na miaka 74. Fikiria beti zile zote, kila mstari na mizani yake, kila mwisho na kina chake. Kazi ya namna ile haiendi bila kukaa mezani siku kwa siku.

Nne, alikubali kutumwa. Kuanzia 1987 mpaka 1990 aliongoza Tume ya Kusini, iliyokusanya watu wa Afrika, Asia na Amerika ya Kusini kutafuta namna inchi maskini zinaweza kusaidiana. Kisha mwaka 1996 alipewa mzigo wa kupatanisha Warundi, ambao walikuwa wanauana tangu 1993. Kazi ile inaomba uvumilivu: kukaa na watu wanaochukiana, kusikiliza maneno yale yale leo na kesho, kule Arusha, mwezi kwa mwezi.

Hakuona mwisho wake. Saratani ya damu ilimshika. Mwezi wa Septemba 1999 alipelekwa London, na tarehe 14 Oktoba alikufa katika hospitali ya St Thomas', na miaka 77. Walimzika kwao Butiama. Mzigo wa Burundi aliupokea muzee mwingine, Nelson Mandela, akiwa na miaka 81, na mapatano yalitiwa sahihi Arusha mwezi wa Agosti 2000.

Sasa, muzee wa Kasulo anaweza kusema: yule alikuwa raisi, serikali ilimtunza, mimi pensioni yangu iko wapi? Ni neno la kweli, na halitafutwa na simulizi ya maisha ya mtu mwingine. Haki ya mfanyakazi ni haki, ilipwe. Na mahali ambapo tangu 2014 watu wamechimba mashimo mpaka ndani ya malupango, hata kupata pa kupanda mboga si rahisi.

Lakini angalia tena vitu vile vinne. Kutembea hakuombi franga. Kisolo inaomba mashimo kwenye udongo na mbegu. Kazi ya kichwa, kila muzee wa mine anayo: ule ufundi wa kuchomea vyuma, wa umeme, wa kutengeneza mashini, vijana wanautafuta. Na kutumwa, nani atapatanisha majirani wanaogombania mpaka wa lupango kama si muzee anayekumbuka mpaka ulikuwa wapi?

Kile kinaua haraka ni kiti pamoja na lutuku tangu asubuhi. Basi, muzee, mama, kama miguu ingali inakubali, toka leo utembee kidogo. Ukipita karibu na kituo cha afya, omba wakupime tasiyo, maana ugonjwa ule haupigi hodi. Na ukirudi nyumbani, ita mujukuu mumoja umufundishe kitu kimoja unachokijua. Nyerere mwenyewe alikuwa amepewa vyeo vyote, na jina alilolipenda kubaki nalo mpaka kufa ni lile la mwalimu.