Mpaka Nyumbani: Maisha ya Edward Steere

Soma kwa Ajili ya Somo Hili: Isaya 58:6–10, Mathayo 25:31–46, Luka 10:25–37, Yakobo 2:14–17, 1 Yohana 3:16–18.

Anayesafiri leo kwa basi kutoka Lindi kwenda Masasi hupita Mtama, Nyangao na Ndanda, na upande wa kushoto huona kuta za uwanda wa juu wa Makonde. Ni safari ya saa chache. Mwaka 1876 watu wapatao 55, wanaume kwa wanawake, walisafiri kwa miguu kutoka Lindi kuelekea huko huko bara. Wote walikuwa wamewahi kuwa watumwa. Njia za upande huu wa kusini walizijua kwa uchungu, kwa kuwa misafara ya watumwa kutoka Nyasa na nchi ya Wayao ilizitumia kushukia pwani. Safari hii walikuwa wanarudi. Aliyewaongoza alikuwa askofu Mwingereza mwenye umri wa miaka 48, jina lake Edward Steere.

Steere alizaliwa London mwaka 1828. Alisomea sheria, akafika kiwango cha juu kabisa cha elimu hiyo, na mbele yake palikuwa na maisha ya heshima na fedha. Akayaacha, akaingia katika kazi ya uchungaji. Alitumikia Skegness, kijiji cha pwani ya mashariki ya Uingereza, na watu wa kule walimkumbuka kama mchungaji aliyekunja mikono ya shati na kufanya kazi pamoja nao, tena mtu wa Biblia.

Mwaka 1862 rafiki yake William Tozer aliitwa kuwa askofu wa Misheni ya Vyuo Vikuu, iliyokuwa imeanzishwa baada ya Livingstone kuwaomba Waingereza wasiisahau Afrika. Askofu wa kwanza wa misheni hiyo alikuwa amekwisha kufa kwa homa karibu na mto Shire. Steere alikubali kumsindikiza Tozer kwa mwaka mmoja au miwili tu, mpaka rafiki yake azoee. Mkewe alibaki Uingereza, na ugonjwa ukamzuia kumfuata. Ile miaka miwili ikawa ishirini. Tunaposoma habari za watu waliojitoa, tukumbuke pia wale waliobaki nyuma na kulipa sehemu yao kimya kimya.

Mwaka 1864 misheni ilihamia Unguja. Wanafunzi wa kwanza walikuwa wavulana watano waliotolewa katika jahazi la watumwa, ambao Sultani aliwakabidhi kwa Askofu Tozer. Watoto hao walikuwa wageni katika mji, hawana baba wala mama wa kuwatetea. Steere aliona kwamba hawezi kumpenda mtu asiyeweza kuzungumza naye. Akaanza kujifunza Kiswahili kwa watu wa Unguja, akikaa nao, akiwasikiliza na kuandika. Aliandika hadithi walizosimulia kama walivyozisimulia, na mwaka 1870 zikatoka katika kitabu. Mwaka huo huo alitoa pia kitabu cha kufundishia lugha hii. Wavulana wa misheni walijifunza kupiga chapa, na karatasi za masomo zikachapwa kwa mikono yao wenyewe.

Baadaye alitafsiri Agano Jipya. Biblia nzima ya Kiswahili ilichapwa mwaka 1891, yeye akiwa amekwisha kufa. Biblia ya Union Version ya mwaka 1952, ambayo wengi wetu tunaibeba kwenda kanisani kila Sabato, ilitengenezwa kwa kuunganisha njia mbili za zamani, ile ya Unguja na ile ya Mombasa. Hivyo kila darasa la Shule ya Sabato linalofungua Biblia hiyo limepokea kitu kutoka kwa mtu huyu. Hakuwa wa imani yetu, na yako mafundisho ambayo tungetofautiana naye. Lakini Bwana alipoulizwa jirani ni nani, alisimulia habari za Msamaria.

Tarehe 5 Juni 1873 Seyyid Barghash alitia sahihi mkataba uliofunga soko la watumwa la Unguja. Misheni ilipata kiwanja cha soko hilo pale Mkunazini, na siku ya Krismasi mwaka huo huo jiwe la msingi la kanisa likawekwa. Mwaka uliofuata Steere akafanywa askofu. Alisimamia ujenzi mwenyewe, kwa mawe ya matumbawe na saruji. Paa lilikuwa la kuba, bila mbao, na wengi walitabiri kwamba litaanguka. Kanisa lilifunguliwa siku ya Krismasi ya mwaka 1879, na mpaka leo limesimama. Mahali palipouzwa watu pakawa mahali pa maombi.

Mtu angeweza kusema kwamba hapo kazi imekamilika. Soko limefungwa, kanisa limejengwa. Lakini manowari za Waingereza ziliendelea kukamata majahazi yaliyobeba watumwa kwa siri, na waliokombolewa waliletwa Unguja kwa makumi. Misheni ilikuwa na shamba huko Mbweni, na wengi walipewa mahali pa kujenga na kulima. Hata hivyo Steere aliona jambo ambalo mtu mwenye haraka asingeliona. Watu hawa walikuwa huru, lakini walikuwa mbali na kwao. Walikuwa Wayao, Wamakua, Wanyasa. Mashamba ya mama zao yalikuwa mwendo wa siku nyingi kutoka baharini. Kuwaweka Mbweni kulikuwa rahisi kwa misheni. Kuwarudisha bara kulikuwa gharama na hatari, kwa sababu wakamataji walikuwa bado njiani.

Soma tena Isaya 58, mafungu ya 6 na ya 7. Nabii anaanza na kufungua vifungo, lakini haishii hapo. Anaendelea mpaka kwenye mkate, nyumba na nguo. Funga anayoichagua Bwana huanza kwenye mnyororo na kuishia mezani, ndani ya nyumba yenye mlango.

Mwaka 1875 Steere alitembea kutoka Lindi mpaka Mwembe, kwa Mataka, mfalme wa Wayao, kuitazama njia na kuomba nafasi. Mwaka uliofuata akawachukua wale 55 waliokuwa tayari kurudi, pamoja na msaidizi wake kijana, William Percival Johnson. Walivuka bahari mpaka Lindi, kisha wakaanza kutembea. Nia ilikuwa kufika mbali zaidi, kuelekea Nyasa. Walipofika Masasi, chini ya ile milima ya mawe, wale watu waliiona nchi kuwa nzuri, na wenyeji wake wakawa watu wa karibu nao. Wakataka kukaa hapo.

Hapa pana jambo la kutafakari. Askofu alikuwa na mpango wake, na alikuwa ameutembelea kwa miguu. Angeweza kuwahimiza waendelee, kwa kuwa yeye ndiye aliyelipa gharama. Badala yake aliwasikiliza. Watu ambao kwa miaka mingi walipelekwa na wengine walipotaka, sasa walichagua wenyewe mahali pa kuishi, na aliyewaongoza akakubali. Viwanja vikapimwa, nyumba zikajengwa, mashamba yakafunguliwa. Steere akarudi Unguja, akamwacha Johnson aishi nao. Ndivyo misheni ya Masasi ilivyoanza.

Mwaka 1879 Steere alimweka John Swedi, mmoja wa wale wavulana watano wa kwanza, kuwa shemasi. Mtoto aliyetolewa katika jahazi la watumwa sasa alikuwa mtumishi wa kanisa.

Steere alifariki Unguja mwezi Agosti 1882, akazikwa nyuma ya madhabahu ya kanisa alilolijenga. Mwezi uliofuata Wangoni, ambao Masasi waliitwa Magwangwara, walishambulia. Baadhi ya watu waliuawa, wengine wakachukuliwa mateka, na nyumba zikachomwa. Waliotoka utumwani walitekwa tena. Padre Porter aliwafuata wavamizi mpaka nchi yao ili awakomboe mateka. Chauncy Maples, aliyekuwa kiongozi wa Masasi, alihamishia kazi Newala, karibu na mfalme Matola, na baadaye kazi ya Masasi ikainuka tena.

Je, Steere alikosea? Upendo haukuahidiwa kwamba kazi yake haitachomwa moto. Yule Msamaria naye alimwacha mgonjwa katika nyumba ya wageni kwenye barabara ile ile yenye wanyang'anyi. Alichofanya ni kulipa, kuahidi kurudi, na kumkabidhi mtu mwingine aendelee. Steere alikuwa amefundisha watu wa kuendelea. Habari za mateka zilipotoka, hapakuwa na askofu wa kutoa amri, lakini alikuwapo mtu wa kuifuata njia.

Tuitazame sasa njia yetu. Mgonjwa aliyelazwa Ndanda anaruhusiwa kutoka wodini, lakini hana nauli ya kurudi Newala. Kijana anatoka gerezani, na kijijini hakuna anayempa jembe. Mama mjane amebatizwa, tukamwimbia na kumshika mkono, na nyumba yake bado inavuja. Katika kila habari hizi kifungo kimefunguliwa. Kilichobaki ni mwendo wa kutoka Lindi, na mwendo huo hauna makofi wala shangwe. Akina mama wa Dorkasi wanaujua, kwa maana wao hurudi mara ya pili na ya tatu. Yakobo anauliza juu ya imani inayomuaga mwenye njaa kwa maneno mazuri. Swali lake linatuhusu sisi tulio na maneno mazuri mengi kila Sabato.

Maswali ya Kujadili

1. Isaya 58:6–7 inataja hatua ngapi za kumsaidia aliyeonewa? Kanisa lenu huishia hatua ipi mara nyingi, na kwa nini?

2. Steere alikubali watu wakae Masasi ingawa mpango wake ulikuwa mwingine. Je, sisi huwauliza tunaowasaidia wanachohitaji, au huwapa tulichokwisha kuamua?

3. Linganisha Luka 10:34–35 na kilichotokea Masasi mwaka 1882. Kazi ya upendo ikiharibiwa, ni nini hubaki?

4. Mtajeni kimoyomoyo mtu mmoja ambaye kanisa lilimsaidia kuanza lakini halikumfikisha. Kabla ya Sabato ijayo, ni nani atakayekwenda kwake, na atachukua nini mkononi?