Kivengere: Askofu aliyejifunza kushukuru machozi yakimtoka

WAUMINI wa Kiplombe na viunga vingine vya mji wa Eldoret wanajua ugumu wa kumshukuru Mungu jeraha likiwa bichi. Mnamo Januari 1, 2008, siku ambayo kwa desturi Wakristo humiminika makanisani kushukuru kwa kuuona mwaka mpya, kanisa la Kenya Assemblies of God la Kiambaa, nje kidogo ya mji huo, liliteketezwa likiwa limejaa watu waliokimbilia humo kuokoa maisha. Wengi wa walioangamia walikuwa wanawake na watoto.

Mhubiri anayesimama mbele ya watu walioyaona hayo na kuwataka wasamehe na wafurahi, sharti kwanza aulizwe iwapo anaujua uchungu wenyewe au anapaka mafuta juu ya jipu.

Katika Afrika Mashariki, yupo mmoja aliyekuwa na haki ya kulijibu swali hilo. Huyo ni marehemu Askofu Festo Kivengere wa Uganda, aliyefariki jijini Nairobi mnamo Mei 18, 1988.

Kivengere alizaliwa mwaka wa 1919 katika eneo la Rukungiri, kusini magharibi mwa Uganda, na utotoni alichunga ng'ombe kabla ya kupelekwa shule ya misheni. Alisomea ualimu, akarudi nyumbani kufundisha. Dini aliyolelewa nayo alikuwa ameitupa, na jioni zake zilikuwa za pombe.

Wakati huo uamsho uliochipuka Rwanda na Uganda ulikuwa ukienea vijijini. Wafuasi wake, walioitwa Balokole, yaani waliookoka, walikuwa na jambo moja lililowaudhi wengi: walitubu hadharani. Mwizi alirudisha alichoiba, mwenye chuki alikwenda kwa aliyemchukia akamweleza. Kisha waliimba Tukutendereza, wimbo wa sifa wa Kiganda ambao hadi leo huimbwa katika mikutano ya uamsho nchini Kenya. Kwao, mtu alisema ukweli kwanza, ndipo akashangilia.

Mwalimu huyo kijana aliokoka mwanzoni mwa miaka ya 1940. Miongoni mwa mambo ya kwanza aliyofanya ni kupanda baiskeli na kusafiri mwendo mrefu hadi kwa mmisionari mmoja Mzungu, akamweleza kwamba alikuwa amemchukia, akaomba radhi. Ikumbukwe kwamba hiyo ilikuwa enzi ya ukoloni, na Mwafrika alikuwa na sababu za kutosha za kumchukia Mzungu. Lakini Kivengere hakwenda kuuhalalisha ukoloni. Alikwenda kuutua mzigo wake mwenyewe.

Yeye na mkewe, Mera, walielekea Dodoma, Tanganyika, mnamo 1946, na huko alifundisha kwa zaidi ya miaka 10. Kiswahili chake kilinolewa huko, na mhubiri Billy Graham kutoka Marekani alipozuru Afrika Mashariki mwaka wa 1960, Kivengere ndiye aliyekuwa mkalimani wake. Alisomea theolojia Pittsburgh, Marekani, na Desemba 1972 akawekwa wakfu kuwa Askofu wa Kigezi, makao yake yakiwa Kabale.

Idi Amin alikuwa ametwaa mamlaka ya Uganda tangu Januari 1971. Hata miezi mitatu haikuwa imetimia tangu Kivengere awe askofu pale serikali ilipoamuru watu waliodaiwa kuwa waasi wapigwe risasi hadharani katika miji mbalimbali.

Mnamo Februari 10, 1973, umati ulikusanywa kwa amri katika uwanja wa Kabale kuwatazama wanaume watatu wakiuawa. Kivengere aliomba ruhusa ya kusema nao, akapewa. Aliwaendea kutoka nyuma, bila kujua atawaambia nini watu waliobakisha dakika chache za kuishi. Walipogeuka, alikuta nyuso zilizojaa nuru. Mmoja wao alimshukuru kwa kuja, akamweleza kwamba alikuwa amempokea Kristo akiwa gerezani na kwamba amesamehewa dhambi zake. Wengine wawili nao walitoa ushuhuda kama huo. Pingu zikiwa mikononi, waliupungia umati mikono, kisha risasi zikalia.

Askofu aliyefika kuwafariji ndiye aliyeondoka amefarijiwa.

Ingekuwa rahisi kuikomesha hadithi hapa, na wahubiri wengi huikomesha. Lakini mtihani wa Kivengere mwenyewe ulikuwa bado.

Mapema Februari 1977 wanajeshi walivamia na kuipekua nyumba ya Askofu Mkuu Janani Luwum. Maaskofu, Kivengere akiwa mmoja wao, walimwandikia Amin barua ya kulalamika bila kuficha. Februari 16 waliitwa Kampala, na wengine wote wakaamriwa waende zao, Luwum akabaki. Hawakumwona tena akiwa hai. Serikali ilidai kwamba askofu mkuu huyo na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth-Ofumbi, walikufa katika ajali ya gari. Wachache waliliamini hilo.

Siku chache baadaye, baada ya kuonywa kwamba naye anasakwa, Kivengere na Mera walitoroka usiku kwa miguu, wakipanda na kushuka milima ya Kigezi hadi Rwanda.

Ukimbizini, mtu aliyekuwa amehubiri msamaha kwa miaka zaidi ya 30 alijikuta amejaa chuki dhidi ya Amin. Hakuificha. Alisimulia baadaye kwamba chuki hiyo ilimkausha moyo, furaha ikamhama na sala zake zikawa nzito. Ilikuwa siku ya Ijumaa Kuu mwaka huo, akiwa katika ibada jijini London, alipowaza jinsi Kristo alivyowaombea waliomsulubisha, na akaona kwamba hawezi kumtoa Amin katika ombi hilo. Alitubu kama alivyokuwa ametubu siku ile ya baiskeli.

Kitabu alichochapisha mnamo 1977 alikipa jina la kutangaza kwamba anampenda Idi Amin. Wakimbizi wengi wa Uganda walikasirika, na ni vigumu kuwalaumu; mjane ambaye hajaonyeshwa hata kaburi la mumewe hana deni la kufurahishwa na jalada la kitabu. Hata hivyo, waliosoma ndani walikuta maovu ya utawala huo yametajwa waziwazi. Kivengere alizunguka ulimwengu akiyaeleza, na akisaidia kuwatafutia Waganda waliokimbia makao na masomo.

Amin alipong'olewa Aprili 1979, Kivengere alirejea Kabale mwezi uliofuata, akaikuta nchi imeporwa. Aliendelea kuongoza dayosisi yake, na mnamo 1983 akawapa wanawake upadri, hatua iliyozua ubishi katika kanisa lake.

Saratani ya damu ndiyo iliyomuua, akiwa na umri wa miaka 69 hivi. Amin alimzidi kwa miaka 15. Alifia Jeddah, Saudi Arabia, Agosti 2003, bila kufikishwa mahakamani.